Mtu wa Fimbo Kwenye Mchoro

Pigo la kwanza lilinikuta tarumbeta ikiwa bado mdomoni. Fimbo yenyewe haikugusa meno yangu. Iligonga shaba, na shaba ikaingia kinywani na meno ya mbele.

Tulikuwa harusini, katika kijiji kimoja cha ndani ukiiacha barabara ya Tunduru. Korosho zilikuwa zimeshauzwa na watu walikuwa na nafasi ya kuoza watoto wao. Sisi tulitoka Songea, kikundi kidogo cha matarumbeta: ngoma kubwa, ngoma ndogo, tromboni moja lililochakaa, mwenzangu na tarumbeta yake, na mimi na yangu. Tulikuwa tumepiga tangu adhuhuri. Watu walikuwa wakarimu, wali ulikuwa unaiva uani, na vumbi la wachezaji lilikuwa limepanda hadi kwenye mikanda ya maturubai.

Mbele yangu alikuwa anacheza mwanamume mmoja wa shati la kijani, ana bakora mkononi. Mchana kutwa alikuwa wangu. Kati ya mpigaji na mchezaji mzuri huzuka urafiki wa haraka, hata kama hamjasalimiana. Nikipandisha sauti, anapandisha bakora. Nikiivuta, anazunguka taratibu na bakora yake ikiwa juu, macho ameyafumba, anatabasamu. Nilianza kumpigia yeye peke yake.

Katikati ya nyimbo nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga mate yanayojaa ndani ya tarumbeta, maana si adabu kuyamwaga mbele ya wageni. Nilipita karibu na benchi walikoweka mikoba yao. Nikarudi, nikashika wimbo. Hatukufika mbali. Mjomba wa bwana harusi alikuwa amepapasa mifuko yake akakosa simu, na mtu akamwambia kwamba yule wa tarumbeta alipita kule nyuma. Sikuyasikia hayo. Ngoma kubwa ilikuwa ubavuni kwangu. Nilichosikia ni neno moja lililopenya kila kitu: "Mwizi!"

Mwenye shati la kijani alifumbua macho. Bakora yake ilikuwa juu.

Baada ya hapo nilikuwa chini. Ukiwa chini huoni watu, unaona miguu. Niliona viatu vya harusi vilivyong'arishwa, makubazi, na mguu mmoja wa mwanamke uliopakwa hina vizuri sana, nao ukanipiga teke la mbavu. Mtu alikanyaga taya langu, nikasikia likivunjika ndani ya sikio, sauti kama ya muwa. Nilijikunja, magoti kifuani, mikono kichwani. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Wengine walikuwa wakicheka. Hilo nimejaribu kuwaeleza watu na hawapendi kulisikia, lakini walikuwa wakicheka, kwa sababu walikuwa bado kwenye harusi. Na kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, ngoma iliendelea kulia, maana wenzangu wa ngoma walikuwa wamezungukwa na wachezaji na hawakuona.

Aliyeniokoa ni mpishi. Alikuwa mama mnene, amejifunga kanga mbili, na alikuja kutoka uani na mwenzake wakiwa wamebeba sufuria la maji yaliyokuwa yanasubiri mchele. Nilisikia sauti yake kabla sijasikia maji.

"Tokeni! Leo mmekuja kula wali au kula mtu?"

Akamwaga. Hakuchagua. Maji yale yaliwapata waliokuwa wameniinamia, yakawababua migongo na shingo, na yaliyobaki yakanipata mimi pajani. Sikujua kwamba nina sauti ile. Watu walitawanyika wakipiga mayowe, na mama yule akasimama juu yangu na mwiko wa wali mkononi, ananitukana mimi pia, "Nyamaza wewe, usife hapa," hadi wenzangu waliponipakia kwenye pikapu.

Simu ya mjomba ilikutwa baadaye ndani ya gari lake mwenyewe, imeteleza chini ya kiti. Kiongozi wetu wa kikundi ndiye aliyeniletea habari hiyo hospitalini, nikiwa nimeshafungwa taya kwa waya, juu na chini, nisiweze kujibu.

Nilirudi nyumbani kwetu Mshangano, pale Songea, nikiwa mtu wa kitandani. Mke wangu alininywesha uji mwepesi kwa mrija, akipitisha mrija pale meno yalipokuwa yametoka. Yeye ni Mmatengo wa milimani, mikono yake imekulia kwenye kuchimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, na hana maneno mengi ya kubembeleza. Nami nilikuwa nimegeuka mtu mbaya. Nilikuwa namuua yule mwenye shati la kijani kila siku kwa namna tofauti. Nilimpigisha magoti, nilimvunja vidole kimoja kimoja, nilimkanyaga taya. Watu wakipita barabarani na muziki wa kipaimara, nilijifunika blanketi kichwani hadi wapotee. Siku moja nilirusha kikombe cha uji ukutani. Mke wangu alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi.

"Siku utakaponirushia mimi," alisema, "nitamalizia walichobakiza."

Nadhani yeye ndiye aliyekwenda kumwita Mwalimu.

Mwalimu ni jirani yetu, bibi mstaafu aliyefundisha sanaa ya uchoraji miaka mingi. Hapendi kuitwa bibi. Alikuja mchana, akanisalimia, akasubiri kama vile ningeweza kujibu shikamoo, halafu akatoa kwenye kitenge picha yenye fremu na kuitundika kwenye msumari ulioshika kalenda yetu.

"Redio inakuumiza kichwa, kuongea huwezi. Tazama hiki," alisema. "Nilipewa na sista mmoja wa kizungu aliyenifundisha kushika kalamu."

Ulikuwa mchoro wa sherehe ya kijijini. Nilipoona ni sherehe, niliinuka kwa mkongojo mara tu alipoondoka, nikaugeuza uangalie ukuta. Mke wangu akaugeuza tena. Tuliendelea hivyo siku kadhaa, bila kusemezana, hadi nikachoka.

Kwa hiyo nilianza kuutazama kwa uchovu tu. Ulikuwa nakala ya mchoro wa zamani wa Ulaya, wa wino wa kahawia uliotiwa maji, rangi ya chai ya rangi iliyomwagika na kukauka. Kushoto kulikuwa na mti mkubwa mweusi ulioinamia katikati. Chini ya mti, mtu mmoja anapiga fidla akiwa amesimama juu ya pipa, na karibu naye mwingine anapuliza pembe, mashavu yamevimba. Huyo wa pembe nilimwonea huruma. Mbele yao wanakijiji wameshikana mikono wanazunguka. Kuna mama ananyonyesha, mzee amelala na kofia usoni, mbwa wawili. Mbali kabisa, mnara wa kanisa mdogo kama mwiba. Kulia juu, wingu zito. Na kulia chini, pembeni ya duara la wachezaji, kuna mtu amesimama ameinua fimbo.

Mwalimu alikuja tena, akakuta picha imetazama chumbani. Alivuta kigoda.

"Usianze na watu," alisema. "Watu watakuvuta kwenye hadithi zao. Giza liko wapi?"

Nilinyoosha kidole kwenye mti.

"Haya. Na mwanga?"

Nilionyesha uwanja wa nyasi katikati ya wachezaji, ulivyokuwa unawaka kama jua la saa tisa.

"Sogea. Hapo amechora nini?"

Nilisogea hadi pua ikakaribia kioo. Hakukuwa na kitu. Hakuna jani, hakuna nukta. Ilikuwa karatasi tupu.

"Wino wote ameuweka pembeni," Mwalimu alisema, "ili pale asipogusa pawake. Sasa tazama." Akaufunika ule mti kwa kiganja chake. Sijui nieleze vipi. Wale watu walibaki vilevile, hakuna aliyeguswa, lakini walionekana kama vitu vilivyomwagwa sakafuni. Mtoto angeweza kuwafagia. Alipoondoa kiganja, mti ukawakusanya tena. Nilimwomba kwa ishara arudie. Akarudia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi ile kutaka kitu zaidi ya kumuumiza mtu.

Alinieleza kwamba wachoraji wa zama zile walikuwa wamechoshwa na majumba ya wakubwa na picha zilizopangwa kama gwaride, wakageukia mashamba, dhoruba, magofu na sherehe za wakulima, wakitaka anayetazama ahisi kabla hajaelewa. Kwa Kiswahili, alisema, wasomi huziita zama za ulimbwende. Nilicheka kwa pua, maana mimi ulimbwende ninaoujua ni wa mashindano ya warembo, na kucheka kuliniuma mno.

Nikaandika kwenye simu, nikamwonyesha: *Na huyu wa fimbo?*

"Huyo anacheza. Ona goti lilivyokunjwa."

*Anapiga. Ona bega.*

Akavaa miwani. "Bega la mchezaji hupanda pia."

*Anampiga huyu aliyempa mgongo.*

"Huyo aliyempa mgongo anacheka, baba."

*Hajajua bado.*

Mwalimu alivua miwani. Tulibishana juu ya mtu yule kwa wiki nyingi, yeye kwa mdomo, mimi kwa vidole. Nilimwonyesha kwamba mikono ya wachezaji wote inaelekea kwake kama barabara zinazoteremka. Akanijibu kwamba mikono ile inaelekea kwake halafu inarudi, kwa sababu tawi la chini la mti linaishika na kuirudisha kwa wapiga muziki, na ndiyo maana jicho linazunguka pamoja na ngoma. Nilifuata kwa kidole, nikakuta ni kweli. Nilikasirika. Nilimwonyesha wingu. Akakubali kwamba wingu ni la kutisha, kisha akaniuliza kama naona mvua. Sikuona.

"Kama angetaka tujue fimbo inatua wapi, angeichora ikitua," alisema. "Wingu halijanyesha, fimbo haijashuka, mtoto hajashiba. Ameishika sherehe yote mahali pa kabla. Ndiyo hali yenyewe ya mchoro huu. Inabidi uivumilie."

Niliandika kwa herufi kubwa: *KWANGU ILISHUKA.* Nikaitupa simu kitandani. Yeye akakunja kitenge chake akaondoka, na hakuja kwa siku kadhaa.

Alirudi siku nilipotolewa waya. Taya lilikuwa gumu kama bawaba iliyoshika kutu, na maneno yalitoka yakipiga miluzi kwenye mapengo. Nilimsimulia yote, mke wangu akiwa mlangoni anachambua maharage. Hata mke wangu alikuwa hajasikia habari ya yule mchezaji, jinsi nilivyompigia yeye peke yake, jinsi bakora ilivyokuwa juu kabla ya neno lile na ikabaki juu baada yake. Nilipofika pale kwenye kicheko, mikono yake iliacha maharage.

"Alikuwa rafiki yako," alisema mke wangu. Hakuwa ananiuliza.

Wakati wa mvua za kwanza walikuja wageni wawili bila taarifa. Mmoja alikuwa mzee wa kijiji kile, mtu wa swala, kofia nyeupe, mpole. Wa pili sikumtambua mpaka alipoketi, kwa sababu hakuwa na shati la kijani. Alikuwa amekonda. Alitazama sakafu.

"Asalaam aleikum," mzee alisema. "Tumechelewa, na tunajua tumechelewa. Tumekuja kuomba radhi. Huyu kijana amesema hawezi kula harusi nyingine kabla hajafika hapa. Wengine wamekataa kuja. Yeye amekuja."

Mke wangu aliwapa chai. Aliwawekea na mihogo. Alikaa akasikiliza maneno yote ya mzee hadi mwisho, ameinamisha kichwa kwa heshima, nami nilidhani yamepita. Kisha akamgeukia yule mwanamume.

"Ulimpiga kwa mkono gani?"

Mwanamume alidhani anaombwa mkono wa kusameheana. Akaunyoosha wa kulia juu ya meza.

Mchi ulikuwa nyuma ya mlango. Sikumwona akinyanyuka. Niliuona mchi ukiwa juu, na nikasikia mfupa. Kikombe kiliruka, chai ikamwagika juu ya kanzu ya mzee, mzee akapiga kelele, "Subhanallah, mama!" Yule mwanamume alianguka kutoka kwenye kiti, na pale sakafuni akajikunja, magoti kifuani, mkono mzima kichwani. Mke wangu aliinua tena.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilifanya nilichofanya, na mke wangu ndiye aliyeuliza zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nimemuua mtu yule kila siku kitandani. Lakini nilipomwona amejikunja vile, mwili wangu haukuniuliza. Nilimlalia. Pigo la pili lilinipata mimi mgongoni, kwenye mbavu zilezile, na nikamsikia mke wangu akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha mchi ukaanguka sakafuni na ukabiringika hadi chini ya kabati.

Nilibaki juu yake. Alikuwa ananuka jasho na chai. Shingo yake ilikuwa mbele ya macho yangu, na kuanzia nyuma ya sikio hadi ndani ya kola ngozi ilikuwa ya waridi, imekunjamana, sawa na ya paja langu.

"Ulianza lini kunipiga?" nilimuuliza. Sijui kwa nini nilitaka hilo kuliko mengine yote.

Alikuwa analia kwa maumivu, maneno yakikatika. "Sijui, kaka. Wallahi sijui. Nilikuwa nacheza. Nikasikia mwizi. Mkono ulikuwa tayari uko juu. Na ngoma ilikuwa bado inalia, kaka, ngoma haikunyamaza."

Mwalimu aliingia akikimbia, amesikia kelele kutoka kwake. Alituangalia, mmoja juu ya mwingine, na mke wangu ameegemea ukuta.  Alirudi nyumbani kwake akaja na rula mbili ndefu za mbao, zile za kuchorea ubaoni, na mke wangu akachana kwa meno kanga yake iliyotundikwa ukutani, wakaufunga ule mkono pamoja.  Mke wangu alifunga vizuri, kwa nguvu mno, na kila mwanamume alipoguna alimwambia, "Kaa kimya." Hospitali walikwenda baada ya mvua kupungua. Kabla ya hapo aliwapa chakula, na kwa kuwa mgeni hakuwa na mkono wa kulia, mke wangu alimlisha mwenyewe kwa kijiko, kwa hasira, tonge baada ya tonge, kama alivyokuwa akinilisha mimi.

Polisi hatukwenda, wao wala sisi. Mzee alisema yaliyotokea yamelingana. Mimi sioni kama yalilingana. Mkono wake ulipona. Mimi tarumbeta siwezi tena. Midomo haishiki shaba, na nikilazimisha hutoka sauti ya mbuzi anayekosa hewa. Tuliuza ile tarumbeta iliyobonyea kwa fundi vyuma.

Mwalimu alichukua mchoro wake nilipoanza kutembea. Nilimwomba auache kidogo zaidi.

"Mimi pia nina kuta," alisema. "Njoo utazame kwangu."

Nilikwenda, na naenda hadi leo, Jumapili baada ya misa. Siku hizi tunabishana juu ya yule mzee aliyelala na kofia usoni. Yeye anasema amelewa. Mimi nasema ndiye mtu pekee pale ambaye jicho likimfikia linapumzika, kwa hiyo mchoraji alimlaza kwa makusudi, na kama ukimwondoa, kona yote ya kushoto inakuwa na kelele mno. Alinikubalia, halafu akasema hilo halimzuii kuwa mlevi.

Kikundi kilinirudisha, lakini kwenye ngoma kubwa. Ngoma haitaki meno. Nilikataa kusimama katikati, nikawaambia nitapiga nikiwa nimeupa ukuta mgongo, na nikaweka sharti jingine: mtu akipaza sauti ya ugomvi, mimi naacha kupiga palepale, na wote waache. Walinicheka. Kiongozi alisema watu watadhani tumechoka, lakini wakakubali.

Mwaka huu tulialikwa kwenye kipaimara huko Matogoro. Sherehe nzuri, watu wengi, pombe ya komoni ya kutosha. Mchana mashemeji wawili walianza kusukumana karibu na meza ya keki, sijui kwa lipi, na mmoja akashika chupa. Nilinyanyua rungu la ngoma nikaliweka chini. Ngoma ndogo ikanyamaza, tromboni likafuata, tarumbeta ikamalizia pumzi yake. Ukimya ule ulikuja ghafla hata mimi uliniogopesha. Watu waliokuwa wanacheza walibaki na mikono hewani, wakaitazama, wakaishusha.

Haikutosha. Chupa ilishuka vilevile, shemeji mmoja akapasuka paji la uso, damu ikamjaa macho akawa anapapasa meza. Lakini hakuna mwingine aliyeingia. Wale waliokuwa karibu walisikika wakipumua. Mwenye chupa aliangalia kile kipande cha shingo ya chupa kilichobaki mkononi mwake kama amekiokota njiani, na wanaume wawili wakamshika bila kumpiga, wakampeleka nje ya boma akae kwenye jiwe. Mimi na mpiga tromboni tulimshika aliyeumia, tukamlaza na kumfunga kitambaa. Alikuwa ananiuliza kama jicho lake lipo. Nilimwambia lipo, ni damu tu.

Baada ya muda mama wa mtoto wa kipaimara alikuja, macho mekundu, gauni lake limerukiwa na keki.

"Baba, tafadhali pigeni," alisema. "Watoto bado hawajacheza."

Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikawaambia wenzangu tuanze polepole.